Kompyuta ya kliniki imhudumie mgonjwa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu kompyuta zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa katika kliniki za tiba na matunzo, yaani zile ambazo sisi tunaoishi na virusi vya UKIMWI tumezoea kuziita CTC. Barua yangu ni ndefu kidogo. Hata hivyo jambo lenyewe limenifika mwilini na limenifika nyumbani, na naamini limewafika wengine wengi ambao kwa sababu zinazoeleweka hawapendi kuandika magazetini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mkoa wa Kagera. Huku ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu mwaka 1983, na sisi wa rika langu tumezika watu wengi kabla dawa hazijafika. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004. Mimi nilianza kuzimeza mwaka 2006, na ndizo zilizonifikisha kwenye kiinua mgongo changu. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Siandiki kwa kukosa shukrani.

Wala siandiki kuilaumu kompyuta. Naikumbuka kliniki ya miaka ile ya mwanzo. Tulifika alfajiri, tukaketi kwenye mabenchi hadi saa nane mchana, na sehemu kubwa ya siku iliishia katika kutafuta mafaili. Jina likifanana na la mwingine, faili lilikwenda kwa mtu asiye wake. Faili likipotea, mgonjwa alifunguliwa jipya na historia yake yote ikaanza upya, utadhani ameugua jana. Wagonjwa walipokuwa wachache hayo yalivumilika. Tangu mwaka 2016, ambapo kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga yake ishuke, idadi yetu imekuwa kubwa mno kwa kabati la mbao. Anayetaka turudi kwenye kabati hajapata kukaa kwenye lile benchi.

Swali langu kwa wahusika ni moja tu: hii kompyuta inamfanyia kazi nani?

Nieleze kwa wasioijua kliniki. Mgonjwa hushika kadi ndogo anayokwenda nayo nyumbani. Kadi kubwa hubaki kituoni ndani ya faili lake. Siku ya kliniki daktari au muuguzi huandika kwa kalamu katika ile kadi kubwa: uzito, hali ya mgonjwa, dawa alizopewa na tarehe ya kurudi. Mgonjwa huchukua dawa na kwenda zake. Baadaye faili hupelekwa chumba cha takwimu, ambako karani huyaingiza maandishi yale katika kompyuta. Katika kituo ninachotibiwa hilo hufanyika kesho yake, au wiki inayofuata, au siku za mwisho wa mwezi wakati taarifa inapodaiwa. Taarifa ikishakamilika hupanda wilayani, mkoani, wizarani na kwa wafadhili. Njia ya kupanda ni pana na inafagiliwa kila mwezi. Njia ya kurudi, kutoka kwenye ile kompyuta hadi kwenye meza ya daktari, imeota nyasi.

Mimi nimeshika daftari la mahudhurio kwa zaidi ya miaka 30, na jambo hili nalifahamu vizuri. Daftari la mahudhurio lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumwambia mwalimu asubuhi ile ile kwamba mtoto fulani hayupo leo, na jana hakuwapo, basi aulizwe. Kazi ya pili ni kumwonyesha mkaguzi hesabu ya mwezi. Katika kila shule niliyofundisha palikuwa na mwalimu ambaye hakuligusa daftari tangu Jumatatu, kisha Ijumaa mchana akalijaza la wiki nzima kwa mkupuo. Hesabu zake zilijumlika barabara na mkaguzi aliridhika. Mtoto aliyekuwa anaumwa nyumbani ndiye pekee aliyepata hasara. Nachelea kusema kwamba katika kliniki zetu kadhaa tumenunua daftari la bei kubwa sana, halafu tunalijaza Ijumaa.

Sasa nieleze yaliyonipata, na nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2021 mdogo wangu aliugua, nikawa namlinda wodini usiku karibu miezi miwili. Niliona haya kumeza dawa mbele ya ndugu waliokuja kumjulia hali, kwa hiyo siku nyingi nilizipitisha bila kumeza. Alipofariki nikaingiwa na majonzi, zikafuata jioni za rubisi, na kuruka dawa kukawa mazoea. Kliniki sikuwaambia. Nilijibu kama tunavyojibu sote: nameza vizuri.

Mwezi Machi 2022 nilitolewa damu ya kipimo cha wingi wa virusi, ambacho mtu aliyezoea dawa hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Nikapewa dawa za miezi sita, maana nilihesabiwa kuwa mgonjwa mwenye hali ya kuridhisha. Mwezi Septemba nilirudi. Daktari alifungua faili langu, karatasi ya jibu hakuiona, akaniuliza naendeleaje, nikasema vizuri, akanipa dawa za miezi sita nyingine. Machi 2023 nilipotakiwa kutoa damu tena, karani alifungua kumbukumbu zangu ili aandike maombi ya kipimo. Hapo ndipo jibu la mwaka uliotangulia lilipoonekana. Lilikuwa limeingizwa tangu Aprili 2022. Lilisema virusi 4,600 katika kila mililita ya damu, na mtu akivuka 1,000 huhesabiwa kwamba dawa haifanyi kazi inavyopasa au hamezi.

Ndugu Mhariri, jibu lile lilikaa ndani ya kompyuta miezi 11. Mwezi Septemba lilikuwa hatua kama 15 kutoka kwenye kiti nilichokalia mbele ya daktari. Kompyuta ilikuwa inajua. Hakuna aliyeiuliza, nayo haikuwa imeagizwa kusema.

Nisingeyaandika haya kama hasara ingekuwa yangu peke yangu, kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa langu. Lakini mke wangu hana virusi. Tulifundishwa kliniki, na sayansi imekwisha kuthibitisha, kwamba anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Kwa mafundisho hayo tuliishi kwa amani miaka mingi. Mwaka mzima kuanzia Machi 2022 mke wangu alilala akiamini amani ile bado ipo. Mimi nilijua naruka dawa lakini nilijidanganya kwamba mwili umezizoea. Jibu la kipimo ndilo lililokuwa na uwezo wa kunivua uongo wangu, na ndiyo sababu kipimo kipo. Nilipoelezwa, nilikwenda nyumbani nikamwambia. Alipimwa siku ile, akapimwa tena baadaye, na kwa rehema za Mungu hakukutwa na kitu. Mimi nilipewa ushauri kila mwezi kwa miezi mitatu, nikanyooka, na kipimo cha marudio hakikuona virusi. Dawa zangu hazikuwa zimezoewa na virusi, ingawa zingeweza kuzoewa. Mambo mawili makubwa yaliokolewa na bahati, na tiba haifai kutegemea bahati.

Tukio la pili lilitokea mwaka 2024. Nilikwenda Mwanza kwa mwanangu kufanyiwa upasuaji wa jicho, nikakaa huko muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Tarehe yangu ya dawa ilifika nikiwa huko. Nilikwenda kliniki ya jirani na kadi yangu ndogo, nikapokewa vizuri kama mgeni, nikapewa dawa, na kadi ikaandikwa. Kwangu mimi hakuna siku niliyokosa. Lakini kompyuta ya kituo changu haikuwa na habari za kituo cha Mwanza. Ikaniandika miongoni mwa waliopotea, na jina langu likachapwa katika orodha ya wanaotafutwa. Simu haikunipata kwa kuwa namba iliyomo kwenye kompyuta ilikuwa ya zamani. Namba mpya nilikuwa nimeitoa zaidi ya mwaka mmoja nyuma, nikaona kwa macho yangu muuguzi akiiandika katika faili. Haikuvuka kutoka kwenye karatasi.

Basi akatumwa kijana kunitafuta. Hakuijua nyumba yangu. Akauliza dukani, mbele ya watu, kwa jina langu kamili, akiwa ameshika ile orodha, na alipoulizwa ametoka wapi akasema kliniki. Simlaumu kijana yule. Alitumwa kuokoa maisha ya mtu, na wako watu wengi walio hai leo kwa sababu wenziwe waliwafuata majumbani. Lakini niliporudi kutoka Mwanza nilikuta mtaa mzima unajua jambo ambalo mimi na mke wangu tulilitunza miaka 18. Mke wangu, ambaye hata virusi hana, aliacha kwenda kwenye kikundi chake cha akina mama kwa majuma mengi. Utaona, Ndugu Mhariri, kwamba nimeomba jina langu lisichapishwe. Kwa majirani zangu ombi hilo limechelewa. Naliomba kwa ajili ya wajukuu.

Hayo ndiyo maana ya kumbukumbu mbovu. Wakubwa wakisikia makosa ya takwimu hufikiri asilimia fulani itapanda au kushuka katika jedwali. Sisi tunaona mtu akibisha hodi dukani na jina letu mkononi.

Huenda msomaji akauliza kama kuna mahali ambapo kompyuta imefanywa imsaidie mgonjwa akiwa bado yuko mbele ya daktari. Papo, wala si mbali. Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2001 katika kituo cha afya cha shamba kiitwacho Mosoriot, karibu na Eldoret. Palikuwa mahali pa kawaida, hospitali kubwa haikuwapo. Walipopima kazi kabla na baada ya kuleta kompyuta, waliona muda wa mgonjwa kuwapo kituoni umepungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi ile, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walitengeneza kumbukumbu za kompyuta kwa ajili ya kliniki zao za UKIMWI. Mwaka 2006 Eldoret ilianza kutumia programu ya OpenMRS, ambayo hailipiwi leseni na sasa inatumika katika nchi nyingi.

Jambo ninalotaka lisikike zaidi ni hili. Kule Eldoret nako daktari aliandika kwenye karatasi na karani akaingiza baadaye, kama kwetu. Lakini walifanya jambo moja zaidi. Kabla mgonjwa hajamwona daktari, kompyuta ilichapa karatasi ya muhtasari wake: vipimo vya mwisho, dawa anazotumia, na chini yake onyo, kwa mfano kwamba mgonjwa huyu amepitisha muda wa kupimwa kinga ya mwili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 walilinganisha kliniki iliyopewa maonyo hayo na kliniki isiyopewa. Kwenye kliniki yenye maonyo, vipimo vile viliagizwa kwa asilimia 53 ya wagonjwa waliohusika. Kwenye kliniki isiyo na maonyo ilikuwa asilimia 38. Madaktari walikuwa wa aina moja na elimu moja. Kilichowatofautisha ni karatasi moja iliyowakumbusha kwa wakati.

Malawi walikwenda mbali zaidi. Huko walitengeneza mashine zenye kioo cha kugusa, zisizokula umeme mwingi. Muuguzi humuuliza mgonjwa, hugusa jibu kwenye kioo, na mashine humwongoza hatua kwa hatua mgonjwa akiwa bado ameketi hapo. Hakuna kungoja karani. Kama Malawi, ambayo si tajiri kutushinda, imeweza, sisi tuna udhuru gani?

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba wauguzi ni wachache na hawawezi kuongezewa kazi ya kuchapa. Ni kweli wauguzi ni wachache, na mimi nawaonea huruma. Lakini hivi sasa kazi moja inafanywa mara mbili: mmoja anaandika kwa kalamu, mwingine anayanakili yale yale kwenye mashine. Kuandika mara moja tu hakuwezi kuwa kazi kubwa kuliko kuandika mara mbili. Itasemwa pia kwamba umeme hukatika na mtandao husumbua. Ni kweli, na ndiyo sababu siungi mkono wale wanaotaka karatasi zitupwe kesho asubuhi. Itasemwa kwamba karatasi na wino ni gharama. Hapo ndipo ninapokataa. Taarifa ya mwezi haikosi karatasi hata siku moja. Kwa nini mgonjwa ndiye akose?

Kwa hiyo napenda kutoa mapendekezo yafuatayo kwa wanaohusika.

Kwanza, kila siku ya kliniki, kabla ya saa mbili asubuhi, karani achape muhtasari wa kila mgonjwa anayetarajiwa siku hiyo na kuuweka juu ya faili lake. Uonyeshe jibu la mwisho la wingi wa virusi na tarehe yake, na uonyeshe kwa wino mzito kama jibu halijasomewa mgonjwa. Kituo chenye uwezo wa kuweka kompyuta kwenye chumba cha daktari kifanye hivyo. Kisicho na uwezo kianze na karatasi. Jambo hili linawezekana kuanzia wiki ijayo kwa mashine zilizopo.

Pili, jibu lililovuka 1,000 lisingoje tarehe ya mgonjwa. Kwa sasa wengi wetu tunachukua dawa za miezi sita, na utaratibu huo ni mzuri kwa kuwa umetupunguzia nauli na foleni. Lakini umetufanya tuonane na daktari mara mbili tu kwa mwaka, na jibu baya likikosa kuonekana siku hiyo hungoja nusu mwaka mwingine. Karani apewe wajibu wa kuyatoa majibu hayo siku yanapofika na kumkabidhi mkuu wa kliniki mkono kwa mkono, na mgonjwa aitwe.

Tatu, kila mgonjwa anapofika asomewe namba yake ya simu na mahali anapokaa, naye aseme kama ni sahihi, na isahihishwe pale pale. Aulizwe pia angependa atafutwe namna gani akichelewa: kwa simu, kwa mtu anayemwamini, au asifuatwe nyumbani. Jibu lake liandikwe na liheshimiwe. Mtu akitumwa, aende na jina la mtu wa kumwona, asiende na orodha dukani.

Nne, kabla mgonjwa hajaandikwa kuwa amepotea, iulizwe kama amechukua dawa kituo kingine. Namba yetu ya kliniki ina tarakimu za mkoa, wilaya, kituo na mgonjwa mwenyewe. Kituo kinachompokea mgeni kinaweza kujua mara moja ametoka wapi, na kikatuma habari nyumbani siku ile ile. Sisi tunatembea: wavuvi, wafanyabiashara, wanaofuata watoto mijini. Mtu akihama hajatoroka.

Tano, siri. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria tunazo, basi zifike hadi chumba cha takwimu. Mimi mwenyewe nimeona neno la siri la kuingilia kompyuta limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ukingoni mwa kioo, likitumiwa na kila mtu aliyepita. Zamani mwizi wa siri ilimbidi abebe kabati. Siku hizi anaweza kuibeba wilaya nzima mfukoni. Kila mfanyakazi awe na neno lake, na kompyuta iandike nani amefungua kumbukumbu za nani na saa ngapi.

Sita, na hili nalisema kwa uzito, makarani wa takwimu waajiriwe na Serikali. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mpango wao wa PEPFAR, ambao ulianzishwa mwaka 2003, ndio uliokuwa ukilipa mishahara ya wafanyakazi wengi wa kliniki za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika, wakiwamo makarani hao. Nilipokwenda kliniki mwezi uliofuata nilikuta chumba cha takwimu kimefungwa kwa kufuli. Mashine ilikuwamo na umeme ulikuwapo, lakini mwenye kuijua alikuwa nyumbani kwake akingoja kuitwa. Wauguzi walitoa madaftari, wakachora mistari kwa rula, na sote tulipata dawa siku ile. Nawapongeza kwa dhati. Lakini yale yaliyoandikwa kwenye daftari yaliingizwa lini katika kompyuta, na nani, sijui, na bila shaka wako waliotoka damu wakati huo ambao majibu yao yalikaa kama langu.

Tulifundishwa zamani kwamba taifa linalotegemea wengine kwa jambo la lazima halijajitegemea. Siwakebehi waliotusaidia. Wametusaidia sana, na mimi ni shahidi ninayepumua. Ila kumbukumbu za afya za wananchi si mradi wenye mwanzo na mwisho. Mtu anayeanza dawa leo akiwa na miaka 20 atazimeza hadi uzeeni. Anahitaji kumbukumbu zitakazoishi muda huo wote, na mtu wa kuzitunza ambaye mshahara wake haukatwi kwa sahihi ya mtu aliye ng'ambo.

Mwisho nawageukia wagonjwa wenzangu. Nasi tuna sehemu yetu. Ukitolewa damu, andika tarehe nyuma ya kadi yako, na ukirudi uliza: jibu langu liko wapi, na lilikuwa ngapi? Usiondoke mpaka utajiwe namba. Ukibadili simu, sema. Ukisafiri, aga kliniki kama unavyoaga jirani. Ukiruka dawa, sema ukweli, hata kama haya zinakukaba. Mimi nilinyamaza, kompyuta nayo ikanyamaza, na katikati ya kimya chetu alikuwamo mke wangu.

Mashine tunazo, na kila mwezi zinatoa hesabu safi zinazowapendeza wakubwa. Tunachoomba ni kwamba lile linalojulikana chumba cha pili limfikie daktari kabla mgonjwa hajainuka kitini.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu Mstaafu,
Kagera.

(Jina na anwani ya mwandishi tunavyo. – Mhariri)